Tezi na Omo Zisibaki Kwenye Methali

Mwanafunzi hukariri kwa ufasaha "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani". Mwambie akuonyeshe tezi, huduwaa. Dawa ninayoipendekeza ni sindano. Jua huozesha tanga lililofungwa kwenye foromali, hata likapasuka kwa upepo mdogo. Walimu wa Lamu na Mombasa na wawape wanafunzi wao turubai, wawashonee wavuvi vifuniko vya matanga: wapime foromali, wakunje pindo mara mbili, waache upenyo chini hewa ipite, kuvu isiote. Hawatamaliza kazi hiyo bila kuuliza demani ni ipi, joshi liko wapi. Vifuniko vya dukani vipo, lakini havifundishi neno hata moja. Msamiati usioshikwa kwa mkono, ndugu walimu, huoza kama tanga lililoachwa juani.