Intaneti si Mali ya Masaki Peke Yake

Katika mtaa ninaokaa, kule Chamazi wilayani Temeke, upo msingi wa nyumba ambao mwenyewe ameshindwa kuuendeleza. Ni msingi wa kawaida, umeota majani, ila umejengwa juu ya mwinuko. Kila jioni husimama juu yake watu wenye heshima zao: walimu wawili watatu, karani wa halmashauri, muuguzi aliyetoka zamu. Kila mmoja ameinua simu juu kama mtu anayemwonyesha mtoto mwezi mwandamo. Wanatafuta mtandao. Pale juu mawimbi ya mnara hufika. Ndani ya nyumba zao, chini ya bati, hayafiki, au hufika yakichechemea. Hapo ndipo mtumishi wa umma anapoifanyia kazi ya Serikali baada ya saa za kazi.

Ninaposema kazi ya Serikali sitii chumvi. Zamani mwalimu alijaza fomu za OPRAS kwa kalamu na karatasi, akazikabidhi kwa mkuu wake, mambo yakaisha (au hayakuisha, lakini hiyo ni hadithi nyingine). Tangu mwaka wa fedha 2023/24 kazi yake hupimwa kwa mfumo wa PEPMIS, na mfumo huo huishi ndani ya mtandao. Akitaka likizo, anaomba kwa mtandao. Akitaka uhamisho, ni huko huko. Mkuu wa shule akitaka kununua madawati au kukarabati choo, sharti aingie katika mfumo wa NeST. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vipo katika Maktaba Mtandao, na mafunzo ya walimu kazini nayo yamehamia kwenye kompyuta. Yote haya ni mema. Mwandishi wa makala haya hana ugomvi na mifumo. Amechoshwa kama wengine na majalada yanayopotea mezani kwa wakubwa. Swali ni moja tu: mtandao wenyewe ananunua nani?

Ananunua mwalimu. Hajawahi kuambiwa anunue chaki kwa mshahara wake, wala mbao za darasa. Lakini chaki ya leo, ambayo pasipo hiyo hapimwi wala hahamishwi, anainunua dukani kwa Mangi kwa vifurushi vya shilingi elfu moja moja, vya saa ishirini na nne, vikiisha usiku wa manane katikati ya ukurasa.

Watu wengi hudhani kwamba shida hii inatokana na umaskini wa nchi. Si kweli hata kidogo. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi hapa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nakumbuka tulivyoshangilia kana kwamba mkongo ule ungepita darasani kwetu. Serikali nayo ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulio chini ya TTCL, ukaenda mikoani hadi mipakani. Utajiri wa mawasiliano umeegeshwa ufukweni mwetu, na kutoka ufukweni hadi Mbande ni mwendo wa daladala moja au mbili. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ile miwili ilipokatika baharini huko kusini, mtandao ukazorota nchi nzima, na kwa muda mfupi Masaki na Mbande wakalingana: hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Ilipounganishwa, kila mtu alirudi mahali pake.

Mahali penyewe ni hivi. Wilaya ya Kinondoni ni moja, lakini ndani yake mna rasi ya Msasani, na mna Mabwepande. Rasi ya Msasani kampuni zinapishana mlangoni kuleta nyaya za faiba, mteja anachagua kama anayechagua kitambaa. Mabwepande, ambako mwaka 2012 Serikali iliwapeleka wananchi waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, mwenye nyumba anahangaika kutafuta mtu wa kumuuzia. Walihamishwa wakaambiwa wajenge maisha mapya. Maisha mapya siku hizi yana mtandao ndani yake.

Naelewa kwa nini faiba haifiki. Kuivuta ni kuchimba au kusimika nguzo, mita kwa mita, katika mitaa ambayo mingi haikupimwa, nyumba zikiwa zimetawanyika, njia ikiishia kwenye uzio wa mtu. Kampuni hupiga hesabu ikaona faida iko mbali. Ndiyo maana nasema kwamba kwa sisi wa pembezoni dawa ya haraka ni intaneti ya nyumbani isiyotumia waya. Mnara mmoja uliounganishwa vizuri na mkongo unaweza kuhudumia mamia ya nyumba. Fundi anapanda juu ya paa, anafunga antena, anaielekeza kwenye mnara, anateremsha waya mmoja hadi kwenye ruta sebuleni, na kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Hakuna barabara iliyochimbwa, hakuna uzio uliobomolewa.

Ajabu ni jinsi dawa hii inavyouzwa. Badala ya antena ya juu ya paa, mwananchi anauziwa kasha la kuweka ndani, kisha anaambiwa aliweke karibu na dirisha. Sasa, mawimbi ya kasi kubwa yanayotumiwa na huduma ya 5G, hasa yale ya masafa ya 3500 MHz, yana udhaifu unaojulikana: hayaendi mbali, na yakikutana na ukuta wa tofali, bati au mwembe wenye majani mengi, hupungua nguvu. Katika ghorofa ya mjini iliyotazamana na mnara, kasha la dirishani linatosha. Katika nyumba ya Toangoma au Bunju iliyo mbali na mnara, kasha hilo ni pambo. Muuzaji analijua hilo. Lakini kasha halihitaji fundi, wala ngazi, wala gari la kumleta fundi. Linabebwa kwenye mfuko, na faida inabaki nzima.

Kisha kuna huo mnara wenyewe. Mnara ni kama bomba la maji la mtaa. Watu kumi wakichota, kila mmoja anajaza ndoo yake; wakija mia tatu kwa saa moja, wanaambulia matone. Huduma inayokimbia saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini, hulala saa mbili usiku, wakati mwalimu amerudi, amekula, na ameketi kuandaa masomo. Kampuni inayoongeza wateja bila kuongeza uwezo wa mnara inauza maji ambayo haina. Sokoni mfanyabiashara anayepunja mizani anakamatwa na Wakala wa Vipimo. Huyu anayepunja megabiti anapewa matangazo ya redioni.

Nami nimo katika orodha ya waliopunjwa. Nilinunua kifaa kutoka kampuni ambayo sitaitaja, kwa malipo ya shilingi laki moja na kitu kwa mwezi. Kijana aliyekileta alinihakikishia: “Kaka, hii haina kikomo, tumia mpaka uchoke.” Wiki ya tatu kasi ikaanguka, hata barua yenye picha moja ikawa haiendi. Nikapiga simu. Dada aliyepokea akanijibu kwa upole sana: “Samahani kaka, umefikia kiwango cha matumizi ya haki.” Nikamwuliza: haki ya nani? Akasema nisubiri mwezi mpya. Ndugu msomaji, katika Kiswahili chetu kitu kisicho na kikomo ni kitu kisicho na kikomo. Kama kikomo kipo, kiandikwe kwenye bango kwa herufi zile zile kubwa zilizoandika “bila kikomo”, wala kisifichwe katika mkataba ambao hata mwanasheria angehitaji miwani kuusoma.

Zipo sababu tunazopewa mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba huku nje hakuna soko. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Temeke na 982,328 katika Kinondoni. Katika watu hao wamo maelfu wenye mshahara wa kila mwezi, wanaolipa Luku, wanaolipia king’amuzi, na ambao wakijumlisha vifurushi vyao vya elfu moja moja mwisho wa mwezi hushtuka. Soko lipo, lililokosekana ni nia ya kuliuzia kwa gunia, kwa sababu kuliuzia kwa kijiko kuna faida zaidi. Nairobi, katika Kibera, mahali ambapo mabepari wa aina hiyo hiyo walisema hakuna mteja, kampuni ya Poa! Internet ilifunga antena kwenye nyumba za mabati na kuwauzia watu wa kipato cha chini huduma ya mwezi mzima bila kuwahesabia gigabaiti. Kama Kibera ina wateja, Mbagala imelaaniwa na nani?

Sababu ya pili ni kwamba simu ya mkononi inatosha. Wanaosema hivyo wajaribu kupakia nyaraka za zabuni kwa simu yenye kioo kilichopasuka, huku watoto watatu wakiisubiri simu hiyo hiyo ili wasome.

Tukumbuke pia ni nani mwenye mali hii. Masafa ya hewani ni ya umma, kama ardhi. Oktoba 2022 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyapiga mnada masafa ya 700, 2300, 2600 na 3500 MHz, na kampuni zilizoshinda ziliahidi zaidi ya dola milioni 180. Ni fedha nzuri, hongera kwa waliozikusanya. Lakini mtu akipewa hati ya kiwanja akakiacha pori, hati yake inaweza kufutwa. Aliyepewa masafa ya mkoa mzima, akayatumia kutoka Posta hadi Mikocheni na kuyaacha mengine yapite bure juu ya vichwa vyetu, anatofautianaje na yule wa kiwanja?

Na upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko huo ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na hakuna mwenye akili timamu atakayeionea kijicho Tandahimba au Ngara. Ila sheria hiyo haikutaja vijiji peke yake. Ilitaja pia maeneo ya mijini yenye upungufu wa huduma. Hayo ndiyo sisi. Mtu wa Chamazi anapomlilia mfanyabiashara huambiwa yuko mbali na mji. Akiuendea Mfuko huonekana yuko mjini. Tumekaa kwenye mpaka, na pande zote mbili zinatuona ni raia wa upande wa pili.

Sasa niwageukie wenzangu, maana si haki kuwasema wafanyabiashara na kujisahau wenyewe. Ziko shule zilizopewa kompyuta na ruta, na ruta hiyo imefungiwa ofisini kwa mkuu kama sanduku la sadaka. Walimu arobaini wanaiona taa yake ikiwaka kupitia dirishani. Ziko ofisi za umma zenye mtandao mzuri ambao saa za kazi unatazamia mpira wa Ulaya, na jioni unazimwa. Tena lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kisheria kupokea kilio cha mtumiaji. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuliandikia hata mistari mitano? Tunalalamika kwenye daladala, tunalalamika barazani, kisha tunakwenda kwa Mangi kununua kijiko kingine. Walimu wana SACCOS zinazowakopesha mabati na ada. Sioni kwa nini SACCOS hiyo hiyo isiende kwa kampuni na orodha ya nyumba mia mbili za kata moja ikasema: leteni antena za juu ya paa, andikeni kasi ya saa mbili usiku katika mkataba, nasi tutalipa kwa pamoja kila tarehe ya mshahara. Kampuni inayosema hakuna soko ingelazimika kujibu kwa maandishi.

Mwajiri naye asijifiche. Anayedai kazi ifanywe kwa mtandao aweke mtandao mahali pa kazi, uwashwe hadi jioni, na antena ya shule iwe na uwezo wa kuwafikia walimu wanaokaa jirani nayo. Gharama yake iingizwe katika bajeti ya halmashauri kama inavyoingizwa ya umeme na maji.

Kwa TCRA tunalo ombi moja, nalo halihitaji sheria mpya wala safari ya nje. Mamlaka hutoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka, na mkoa wa Dar es Salaam daima hung’ara humo, maana Msasani na Mbande hujumlishwa pamoja na wastani ukapatikana. Itoe takwimu hizo kata kwa kata. Kasi ya intaneti ya nyumbani ipimwe Charambe, Toangoma, Bunju na Mabwepande saa mbili usiku, jina la kila kampuni likiwa mbele ya kipimo chake, na orodha ibandikwe kwenye ofisi ya kila mtendaji wa kata kabla bajeti ya Julai haijaanza kutumika.