Mtihani wa Kasuku Haujengi Wataalamu

Mwalimu anayepima elimu kwa wingi wa maneno yaliyokaririwa hapimi elimu, anapima kumbukumbu. Ukweli huu si mgeni kwetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliionya nchi juu ya mitihani ya namna hiyo. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaagiza kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, bali kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe. Nusu karne imepita. Je, tumetii?

Tazama somo la miundo ya data na algorithimu, uti wa mgongo wa elimu ya kompyuta. Leo kijana wa Unguja hana haja ya kuvuka bahari ili alisome: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianza kufundisha mwaka 2001. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kasumba ya kukariri haikufa kwa kuletwa mashine mpya. Mimi mwenyewe nililifanya somo hili chuoni. Niliulizwa maana ya foleni na faida zake tatu. Nikazitaja, nikafaulu. Siku nilipotakiwa kuandika programu ya kupanga kumbukumbu za ofisi, nilikaa mbele ya mashine kama bubu. Cheti kilisema najua; kazi ikasema sijui.

Maana ya foleni aijua kila aliyesubiri boti pale Malindi. Mwanafunzi aulizwe foleni ikijaa programu itafanya nini.

Chukua mfano wa kutafuta jina katika orodha iliyopangwa kwa kuigawa nusu kwa nusu. Majina 1,000 huhitaji kutazamwa mara 10 tu. Majina 1,000,000, mara 20. Kanuni hii huelezwa kwa sentensi mbili, na kasuku yeyote ataikariri. Kuiandika ni jambo jingine. Mwaka 1986 Mmarekani Jon Bentley aliandika kwamba wataalamu wengi wa kazi, waliopewa muda wa kutosha, waliikosea. Mwaka 2006 Joshua Bloch akatangaza kuwa programu yake ya kanuni hiyo hiyo, iliyokuwa ikitumika duniani kote katika Java, ilikuwa na kosa lililojificha kwa miaka ipatayo tisa. Na programu ya Bentley mwenyewe ilikuwa na kosa hilo hilo! Ikiwa mabingwa huteleza, vipi tumpe kijana alama kwa kutaja maana tu?

Wapo watakaodai kwamba kompyuta ni chache. Hoja hiyo haina msingi. Karatasi yatosha. Mpe mwanafunzi programu yenye kosa alitafute. Mpe orodha isiyopangwa, aeleze kwa nini kanuni ile itashindwa. Mchoree vichochoro vya Mji Mkongwe kutoka Darajani hadi Forodhani, pamoja na urefu wake, atafute njia fupi hatua kwa hatua. Wengine watasema kazi za nyumbani huigwa, na siku hizi mashine zenyewe huandika programu. Ni kweli. Basi mwite mwanafunzi kwa dakika tano, mbadilishie sharti moja, umwambie aeleze. Aliyeiga atajulikana papo hapo.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, hili si suala la chuo peke yake. Tangu mwaka 2016 Zanzibar hulipa pensheni jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70. Orodha kama hiyo ikikabidhiwa mtaalamu wa kukariri, jina la mzee litakuwamo na mashine itasema halimo. Mzee atarudi Makunduchi mikono mitupu, na hakuna atakayejua kwamba kosa lilianzia katika chumba cha mtihani.

Nahodha hapewi jahazi kwa kutaja majina ya kamba zake. Hupelekwa baharini, akatazamwa. Na tuwapime vijana wetu hivyo hivyo.