Tiketi ya Mwisho wa Mwezi

Zichukue filamu kumi zilizoingiza fedha nyingi kuliko nyingine zote duniani mwaka 2024. Inside Out 2, Deadpool & Wolverine, Moana 2, Despicable Me 4, Mufasa, Dune: Part Two, Godzilla x Kong, Kung Fu Panda 4, Sonic 3: hizo tisa zote ama zinaendeleza filamu iliyokwisha kupendwa, ama zinarudi nyuma kusimulia yaliyotokea kabla yake. Ya kumi ni Wicked, nayo ilitoka kwenye mchezo wa jukwaani uliokuwa ukijaza watu New York tangu 2003. Hakuna hata moja iliyokuwa ngeni kabisa kwa mtazamaji alipofika dirishani kununua tiketi.

Lawama zote hupelekwa Hollywood, na Hollywood inastahili sehemu yake kubwa. Ila studio hufuata fedha, na fedha hizo zilitoka mifukoni mwa watu wa kawaida, wale wanaokwenda sinema mara mojamoja: mshahara ukitoka, Idi ikifika, shule zikifungwa. Mtu wa namna hiyo ana hesabu zake. Kuna tiketi yake na za watoto, kuna nauli ya kwenda na kurudi, kuna bisi na soda ambazo zikishaingia ukumbini bei yake hupaa. Shabiki sugu anayeona filamu kila wiki akiangukia mbovu atasonya, na wiki inayofuata ataona nyingine. Huyu wa mara mojamoja akikosea, amekosea hadi mwisho wa mwezi ujao. Kwa hiyo anachagua jina analolijua. Ni uamuzi wenye akili kabisa, na bado unamkosesha mengi.

Maana ukizitazama filamu za miaka hii michache kwa jicho la mtu huyohuyo, asiyejali tuzo wala jina la mpiga picha, anayetaka tu kutoka ukumbini akiwa ameguswa, zilizomlipa vizuri zaidi ni zile ambazo hakuwa akizijua.

Anza na ile yenye jina analolijua: Mufasa, iliyotoka Desemba 2024. Mwongozaji wake, Barry Jenkins, ndiye aliyetengeneza Moonlight ya 2016, filamu ndogo na tulivu iliyotwaa Oscar ya filamu bora kwa kuutegemea uso wa kijana mmoja mwenye haya. Kusikia kwamba mtu huyo kakabidhiwa simba kulitia hamu. Hadithi nayo haina ubaya: mtoto wa simba anachukuliwa na mafuriko, anatengana na wazazi wake, anaokolewa na Taka, mtoto wa mfalme wa kundi jingine, na hao wawili wanakua kama ndugu hadi wivu unapoingia kati yao. Taka ndiye atakayekuja kuitwa Scar. Safari yao inaelekea Milele, nchi ya neema ambayo Mufasa alisimuliwa na mama yake.

Tatizo liko usoni. Wahandisi wa kompyuta wamefanikiwa kumtengeneza simba wa kweli, unyoya kwa unyoya, na simba wa kweli hana nyusi za kukunja wala midomo ya kutetemeka. Taka anapogundua kwamba simba jike Sarabi amempenda Mufasa, sauti ya Kelvin Harrison Jr. inavunjika, lakini uso unabaki uleule wa mnyama anayetazama nyasi. Mtazamaji anasikia uchungu na haoni palipo na uchungu huo. Ndivyo ilivyokuwa pia katika The Lion King ya 2019, na ile iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kurekebisha.

Miezi mitatu kabla ya Mufasa ilikuwa imetoka The Wild Robot. Hii imetokana na kitabu cha watoto cha Peter Brown, lakini kwenye skrini ilikuwa mpya. Roboti iliyotengenezwa kuwatumikia wanadamu inasukumwa na mawimbi hadi kisiwa kisicho na binadamu hata mmoja. Kwa bahati mbaya inaangukia kiota cha bata bukini na kukiponda. Yai moja tu linasalia. Kifaranga anapoanguliwa, wa kwanza kumwona ni roboti, na tangu hapo kazi ya roboti huyo, aitwaye Roz, ni kumfundisha kula, kuogelea na kuruka kabla majira ya baridi hayajafika.

Roz hana mdomo. Ana kichwa cha mviringo na taa mbili za macho, basi. Kila kilichomo ndani yake kinaletwa na sauti ya Lupita Nyong'o, na kazi aliyoifanya Mkenya huyu inastahili kutazamwa kwa makini. Mwanzoni anasema kwa uchangamfu ule wa kupangwa, kama tangazo lililorekodiwa: kila sentensi ina mwinuko mmoja. Kadiri siku zinavyopita sauti inashuka, inapata pumzi, inaanza kusita katikati ya maneno. Siku ndege wanapohama, Roz anamkimbiza mwanawe hadi ukingoni ili apate upepo wa kumwinua, kisha anabaki peke yake akilitazama kundi likipungua angani. Hapo hakuna mzazi aliyempeleka mtoto shule ya bweni asiyeelewa.

The Wild Robot iliingiza zaidi ya dola milioni 330. Mufasa ilipita milioni 700.

Kuna jambo jingine linaloumiza zaidi. Mwongozaji wa The Wild Robot, Chris Sanders, ndiye aliyemchora na kumpa sauti Stitch, yule kiumbe wa buluu wa filamu ya Lilo & Stitch ya 2002, aliyoiongoza pamoja na Dean DeBlois. Mei 2025 Disney waliirudia filamu hiyo kwa kuchanganya waigizaji wa kweli na kompyuta, chini ya mwongozaji mwingine, na ikavuka dola bilioni 1. Yaani kiporo cha kazi yake ya ujana kiliuzika mara tatu ya chakula alichokipika juzi. Mwenzake DeBlois naye, mwezi uliofuata, alikuwa akiirudia kwa mtindo huohuo How to Train Your Dragon, filamu waliyoiongoza wote wawili mwaka 2010. Watu wenye vipaji vya kubuni ulimwengu mpya wanalipwa vizuri zaidi wakinakili wa zamani.

Si kila mwendelezo ni wa kuchumia tumbo. Inside Out 2 ilikuwa na la kusema: msichana Riley amefika miaka 13, na kichwani mwake ameingia mgeni aitwaye Wasiwasi, anayeshika usukani hadi msichana anashindwa kupumua vizuri kwenye benchi la adhabu. Wazazi wengi walitoka pale wakiwa na maswali kwa watoto wao, na hilo ni jema. Dune: Part Two nayo ilikuwa inamalizia kitabu ambacho nusu yake tu ndiyo iliyokuwa imesimuliwa. Deadpool & Wolverine, kwa upande wake, ni utani wa saa mbili kwa waliokwisha kuziona filamu nyingine ishirini; asiyezijua anakaa pale akisikia wenzake wakicheka.

Lakini ukitaka kuona kinachowezekana pale mtu anapoachiwa aanze upya, iko Sinners.

Ryan Coogler, yule wa Black Panther, aliiandika mwenyewe na ikatoka Aprili 2025. Ni Oktoba 1932, mji wa Clarksdale, Mississippi. Ndugu mapacha Smoke na Stack, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wamerudi kutoka Chicago na fedha ambazo hakuna anayethubutu kuuliza zilikotoka. Wananunua kiwanda kikuukuu cha kupasulia mbao na kukigeuza ukumbi wa muziki, ili ufunguliwe usiku huohuo. Binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, ana gita na sauti ya mtu mzima. Filamu inajulikana kuwa ni ya wanyonya damu, ila wanyonya damu wanachelewa kufika. Kwanza Coogler anamtembeza mtazamaji kwa watu: mwenye duka anayechora bango, mzee mpiga piano anayeshawishiwa kwa chupa ya bia, Annie, mwanamke ambaye Smoke alimwacha na kaburi la mtoto wao. Damu inapoanza kumwagika, kila anayekufa ni mtu ambaye mtazamaji amekwisha kumjua.

Kisha Sammie anaimba. Kijana Miles Caton, ambaye hii ndiyo filamu yake ya kwanza, anafumba macho, kamera inaingia katikati ya wachezaji na kuanza kuzunguka, na polepole wanaonekana watu wasiokuwa wa mwaka 1932: mpiga gita la umeme, wapiga ngoma wa Afrika Magharibi, DJ na santuri zake, mcheza opera wa Kichina, kwa kuwa wenye duka ni Wachina nao wana wazee wao. Paa linashika moto na watu wanazidi kucheza. Msomaji wa pwani, anayejua kwamba ziko ngoma zinazopigwa kuwaita wasioonekana, hahitaji kufasiriwa. Hizo ndizo dakika bora kabisa za sinema kubwa kwa miaka hii, na hazifai kuonwa kwenye simu.

Ina kasoro. Mapigano ya mwisho yamebanwa, na baadhi ya watu tuliowapenda wanaondoka kwa haraka mno. Tena si filamu ya kwenda na watoto. Lakini angalia kilichotokea: wikiendi ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 48 Marekani, na wikiendi ya pili karibu 46. Kwa kawaida filamu kubwa hupoteza nusu ya watazamaji au zaidi wiki moja tu baada ya kuanza. Hii haikuporomoka, kwa sababu waliotoka waliwaambia waliobaki nyumbani. Mwishowe ilipita dola milioni 360 duniani, bila jina la zamani la kuibeba.

Nguvu hiyo ya kuambizana watu wa huku Afrika Mashariki wanaijua tangu zamani. Miaka ya 1950 mjini Unguja, Awaara ya Raj Kapoor, filamu ya 1951, ilirudishwa ukumbini tena na tena kwa kuwa watu hawakuichoka. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha 2018, ameonyesha jinsi wenye kumbi wa Tanzania walivyokuwa wakisikiliza matakwa ya wateja wao. Mjini, barazani na sokoni, filamu ilisimuliwa na walioiona kabla haijamaliza wiki. Hata vibanda umiza vya baadaye vya kuonyeshea video, na wasimulizi wa filamu kama Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya, waliishi kwa mdomo wa mtu na jirani yake.

Mdomo huo huo ndio unaokosekana kwa filamu za nyumbani.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa na tamasha hilo, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo kuu ya tamasha la Carthage, Tunisia. Imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ambayo maelfu waliisoma kidato cha tano na sita. Yasmini, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anatoroka ndoa na kuangukia mapenzi na Denge, anayepigania uhuru wa Zanzibar. Ni kweli kwamba siasa imepunguzwa ukilinganisha na kitabu, na aliyezoea mwendo wa kasi atachoshwa hapa na pale. Ila Mji Mkongwe wa filamu hii una giza la kweli la vichochoro, taarabu inasikika kama kitu kinachoimbwa na watu wanaoishi pale, na Kiswahili kinasemwa kwa lafudhi yake bila kusafishwa. Ni wangapi kati ya waliojibu maswali ya mtihani kuhusu Yasmini waliowahi kumwona?

Kenya nao mwaka 2024 walipeleka Nawi kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Binti wa Turkana anafaulu mtihani wake vizuri kupindukia, na baba yake tayari amekwisha kukubaliana na mwanamume wa kumwoa, mahari ikiwa ni mbuzi, kondoo na ngamia. Michelle Lemuya Ikeny, anayemwigiza Nawi, ana macho ambayo kompyuta zote zilizomtengeneza Mufasa hazikuyapata: anamtazama baba yake, na katika mtazamo mmoja umo upendo, hasira na hesabu ya njia ya kutokea. Filamu inajua inachotaka kufundisha, na mahali pengine inakifundisha kwa sauti ya juu mno. Macho ya binti huyo yanaiokoa kila inapofika hapo.

Filamu ya namna hii haina trela linalochezwa kila saa wala mwanasesere dukani. Wiki ya kwanza ndiyo inayoamua uhai wake, na wiki hiyo ndiyo ambayo mtazamaji wa mara mojamoja huipisha akisubiri kusikia kwanza. Akija kusikia, imeshatolewa. Anayetaka kuiona basi hana budi kwenda mapema na kusimulia kwa sauti akitoka. Na wenye kumbi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wana sehemu yao: filamu ya Kiswahili wakiiweka saa nane mchana siku ya Jumanne, wakati watu wako kazini, wasije wakasema haina wateja. Waipe Jumamosi saa moja jioni, kwa wiki mbili mfululizo, kwenye skrini ileile waliyompa Mufasa.