ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO: Watoto wa pwani na kazi ya ubalozi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu wazazi wa Mucojo, mlioko nyumbani na mliotawanyika Macomia, Pemba na kwengineko.

Alinijia kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo. Amemaliza darasa la kumi na mbili kwa taabu, maana vita vilimtoa skuli mara mbili. Akaniambia, "Mwalimu, nataka kusomea ubalozi." Mzee mmoja tuliyekuwa naye barazani akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, kazi hiyo ina wenyewe." Kijana akainamisha kichwa. Neno lile limenikaa kooni, ndio maana naandika.

Kazi ya ubalozi ina wenyewe? Nani aliwamilikisha?

Tutazame wenzetu kwanza. Wamarekani, pamoja na nguvu zao zote, waliona aibu kwamba mabalozi wao walikuwa karibu wote wa rangi moja na wa nyumba za wenye nacho. Mwaka 1992 wakaanzisha ufadhili wa Pickering, na mwaka 2002 ule wa Rangel, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha tangu zamani cha watu weusi. Mpango wenyewe ulikuwa huu: kijana alisomeshwa shahada ya pili kwa miaka miwili, alipelekwa kufanya mazoezi ya kazi, akimaliza alilitumikia taifa katika ubalozi kwa muda usiopungua miaka mitano. Haikuwa sadaka hiyo. Ulikuwa mkataba, na taifa lenyewe ndilo lililofaidika.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1978 serikali za Tanzania na Msumbiji zilianzisha kwa pamoja Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa pale Kurasini, Dar es Salaam. Leo kituo hicho kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim, Muislamu wa Zanzibar aliyekuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, kisha akawa Katibu Mkuu wa OAU kuanzia 1989 hadi 2001. Maputo nako ilianzishwa ISRI mwaka 1986, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Joaquim Chissano. Na huyo Chissano mwenyewe, mwaka 2004 pale Addis Ababa, aliwashangaza marais wa Afrika alipowahutubia kwa Kiswahili, lugha aliyoipata Tanzania wakati wa kupigania uhuru.

Zingatieni hapo, ndugu zangu. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu 2019, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi. Mtoto wa Mucojo anaongea Kimwani, ndugu wa damu wa Kiswahili. Chuoni kwangu anasoma herufi za Kiarabu kabla hajaota meno ya ukubwani. Kireno anakikuta skuli. Mtoto huyu ana nusu ya mtaji wa balozi, na sisi tunamwambia kazi ina wenyewe!

Na tukikosekana, hasara ni ya nani? Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, mambo yetu yamejadiliwa katika miji mingi mikubwa. Wanajeshi wa Rwanda na wa SADC waliletwa mwaka 2021. Mikataba ya gesi ya Palma imeandikwa na mabwana wa mbali. Mwaka 2023 na 2024 Msumbiji ilikaa katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na ndani ya miaka hiyohiyo Mucojo yetu ilikuwa inahamwa. Mezani pale alikuwepo nani anayejua mvuvi wa Mucojo anapoteza nini akikatazwa bahari? Asiyekuwepo na lake halipo.

Wapo watakaosema kuwa skuli za serikali ni haramu. Maneno haya tumeyasikia kutoka kwa watu waliokuja na bunduki, na matunda yake tumeyaona. Mimi nawajibu kwa sira. Masahaba walipokimbilia Uhabeshi walikuwa wakimbizi kama sisi. Makuraishi wakamtumia Najashi wajumbe na zawadi ili warudishwe. Aliyewaokoa kwa kusimama na kusema ni Jaafar bin Abi Talib (R.A.), aliyejua la kumwambia mfalme na namna ya kulisema. Na Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zaid bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee na kumwandikia barua. Je, Zaid alifanya haramu?

Wapo na wengine, hawa ni wa maofisini, watakaosema: milango iko wazi kwa wote, mwenye akili afanye mtihani ashinde. Kauli nzuri, lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtoto ambaye mwalimu wake alikimbia, vitabu vyake viliungua, na kitambulisho chake kilipotea njiani, atashindana vipi na mtoto wa Maputo aliyesoma miaka kumi na miwili bila kukatizwa? Sisi hatuombi mtihani upunguzwe. Tunaomba ngazi ya kuufikia.

Basi nasema wazi. Serikali itenge bolsa za kusomea uhusiano wa kimataifa kwa vijana wa Macomia, Quissanga, Ibo, Mocímboa da Praia na Palma, zianze na mwaka mmoja wa kuimarisha Kireno na Kiingereza, na kila atakayesomeshwa aitumikie nchi miaka mitano. Ndugu zetu wanaotujengea misikiti na visima, Allah awalipe, wafikirie pia kumsomesha kijana mmoja kila mwaka. Msikiti usio na wa kuutetea, tumeuona ukibaki gofu.

Na sisi wazazi tuna sehemu yetu. Tuwaandikishe watoto, tuwafuatilie vyeti vilivyopotea, tuwaache wamalize darasa la kumi na mbili, wa kike na wa kiume. Chuo asubuhi, skuli mchana, havigombani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Yule kijana nimemwambia arudi kwangu kila baada ya Alasiri tusome Kiarabu, na Kireno atafute mwalimu wake. Yule mzee naye nimemwambia asicheke tena.

Allah awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa na ulimi wa kweli, na atuletee amani. Amin.

Wassalaam,
Mwalimu wenu wa madrasa, Mucojo