Maegesho ya magari: Anayetoza asiwe ndiye hakimu

KWA miaka mingi safari ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Barabara hiyo ya zaidi ya kilometa 220 sasa ni ya lami, matunda ya mkataba ambao Tanzania na Mfuko wa Changamoto za Milenia wa Marekani (MCC) walitia saini Februari 2008.

Lami imeufungua uwanda wa Ufipa. Malori ya mahindi, pikapu kutoka Laela na Matai, mabasi na magari ya abiria yote hukutana katika mji mmoja. Magari yanapoongezeka, nafasi ya kuegesha hugeuka bidhaa, na bidhaa haikosi mtoza ushuru. Swali ambalo wakazi wa Sumbawanga wanapaswa kuliuliza mapema ni hili: dereva akitozwa isivyo halali, amlalamikie nani?

Uzoefu wa Dar es Salaam unatoa fundisho. Halmashauri ya Jiji iliwahi kuikabidhi kazi ya kukusanya ada kwa kampuni binafsi, ikiwamo National Parking Solutions (NPS). Baadaye jukumu la maegesho ya barabarani likahamia kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017, na Septemba 2021 ukaja mfumo wa kielektroniki. Karatasi iliyobanwa kwenye kioo ikatoa nafasi kwa deni linalosomwa kwenye simu. Wapo madereva waliolalamika kuwa walikuta madeni ambayo hawakuwa na habari nayo.

Mtozaji alibadilika na chombo cha kutozea kikabadilika, lakini mwenye malalamiko aliendelea kuelekezwa kwa yule yule anayemdai.

Ada si za aina moja

Kabla ya kupinga deni, ni lazima kujua limetoka wapi. Aina ya kwanza ni ada ya barabara ya umma. Hii husimama juu ya sheria na kanuni, na hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Ya pili ni ushuru wa eneo la halmashauri, kama vile stendi, hata kama anayekusanya ni wakala. Wakala huyo hana mamlaka zaidi ya sheria ndogo na mkataba aliopewa. Ya tatu ni uwanja wa mtu binafsi, mathalani wa hoteli au wa jengo la biashara. Hapo hakuna kodi wala faini ya kiserikali. Kuna makubaliano tu, na masharti yake hayana budi kuwa wazi kwa dereva kabla hajazima injini.

Tofauti hiyo ina uzito. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimpi mdai kila kiasi alichokiandika kwenye bango. Humpa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi hicho. Ada ya Serikali hutazamwa kwa jicho lingine, na anayetaka kuishitaki Serikali hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90.

Ni dhahiri kwamba mwenye pikapu wa Laela anayedaiwa Sh10,000 hatasubiri miezi mitatu, wala hatapoteza nauli na siku za kazi kwenda mahakamani. Atalipa huku akinung'unika. Hapo ndipo haki inapopotelea, kwa sababu gharama ya kuidai ni kubwa kuliko deni lenyewe.

Katiba, katika Ibara ya 13(6)(a), inatambua haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa pale haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Msingi huo haupaswi kuishia kwenye kesi kubwa.

Uingereza ilipitia mgogoro kama huo. Kuanzia Oktoba 2012, England na Wales zilipiga marufuku kufunga minyororo magari katika viwanja binafsi, na kikaanzishwa chombo huru cha rufaa, POPLA. Hata hivyo, si kila rufaa hushinda. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kampuni ya ParkingEye imdai dereva pauni 85 kwa kupitiliza muda, ikizingatia kwamba mabango yalionekana vizuri.

Kwa dereva wa Sumbawanga, silaha ya kwanza ni ushahidi: stakabadhi, picha ya bango na ya mahali gari lilipokuwa, saa ya kufika na ya kuondoka. Ya pili ni barua yenye tarehe, nakala yake ikigongwa muhuri wa kupokelewa. Lalamiko la mdomo halina kumbukumbu.

Kwa Halmashauri ya Manispaa na TARURA, wajibu ni kuweka masharti kabla mkataba wowote wa wakala haujasainiwa: bango la Kiswahili lenye viwango, muda maalumu wa kujibu malalamiko, faini kusimama wakati rufaa ikisikilizwa, na msikilizaji asiyelipwa kwa asilimia ya makusanyo. Mapato ya mji ni muhimu, lakini mwananchi hulipa kwa hiari pale anapojua kwamba akionewa atasikilizwa.