Mfalme chini ya mkuki

Mpenzi msomaji, ukisikia jina Georgia, usidhani nazungumzia lile jimbo la Marekani. Leo tunakwenda katika nchi ya Georgia, kwenye milima ya Kaukasi. Huko juu, katika sehemu iitwayo Svaneti, kuna kijiji cha Nakipari, na kijijini humo mna kanisa dogo la mawe la Mtakatifu George.

Usilidharau kwa udogo wake. Ukiingia ndani utakuta kuta zimejaa michoro ya mwaka 1130, kazi ya fundi Tevdore, aliyejulikana kama mchoraji wa mfalme. Naam, mtu wa mfalme alipanda milima kuwachorea wanavijiji! Na hakuja mara moja tu. Mwaka 1096 alikuwa amekwisha kupamba kanisa la Iprari, na baadaye la Lagurka, yote katika milima hiyo hiyo.

Sasa mtazame Mtakatifu George juu ya farasi wake. Wengi wetu tumezoea kumwona akilichoma joka. Hapa anayechomwa mkuki ni binadamu, tena mwenye taji: Diocletian, Kaisari wa Roma aliyeanza kuwatesa Wakristo mwaka 303. Inasimuliwa kwamba ndiye aliyeamuru George auawe. Hebu fikiri, mchoraji wa mfalme anachora mfalme akiwa chini ya mkuki! Hata asiyejua kusoma alielewa: taji halimwokoi dhalimu.

Miaka karibu 900 imepita. Je, ni nani aliyeitunza michoro hii? Huko Svaneti, funguo za makanisa hukaa kwa wanakijiji wenyewe. Hata chini ya utawala wa Kisovieti, uliodumu kutoka 1921 hadi 1991 na kuibana dini, wenyeji waliyathamini makanisa yao kama mboni ya jicho. Adui mwingine ni maji. Paa likivuja, unyevu hupenya kwenye lipu, na rangi hubanduka kidogo kidogo.

Basi mzazi, siku ukiwapeleka watoto kutazama jengo la kale, waonye wasiguseguse kuta wala kuchora majina yao. Tevdore aliacha jina lake ukutani, lakini kwanza alifanya kazi.

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.