Mnazidisha Mshahara, Kodi Mnamwachia Nani?

Kuna hesabu moja inayofanywa siku hizi katika nyumba zetu, na kila niisikiapo roho inaniuma. Kijana amepata nafasi ya masomo Uingereza, na akimaliza ataruhusiwa kukaa kidogo afanye kazi. Basi hata darasani hajaingia, simu imetolewa, watu wanapiga hesabu. Kima cha chini cha mshahara kule kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa Aprili 2025. Kwa saa 37 na nusu za wiki, mwezi unatoa kama pauni 1,984. Pauni moja inahesabiwa shilingi 3,300, inazidishwa, na sebule nzima inaangua vigelegele: milioni sita na nusu! Mama anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mjomba anaanza kuulizia kiwanja Kibaha. Wala hapatokei mtu, hata yule mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekaa pale kwenye kochi, wa kuuliza: na chumba cha kulala je, nacho si tukizidishe?

Ndugu zangu, fedha hiyo haifiki mkononi kama mlivyoizidisha. Kodi ya mapato na mchango wa bima ya taifa vikishakatwa, hubaki pauni 1,720 hivi, na makato ya pensheni huipunguza tena. Halafu kijana anakwenda kupanga London, kwa kuwa ndilo jina alilolisikia tangu utotoni. Chumba kimoja cha pauni 900, jiko na choo cha kuchangia na wenzake, si ajabu huko. Zidisha hiyo nayo kwa 3,300. Utapata shilingi 2,970,000, kila mwezi, kwa chumba ambacho kitanda kikishaingia mlango haufunguki vizuri.

Nani kati yetu angekubali bei hiyo Sinza au Magomeni? Angemfukuza dalali kwa fimbo! Lakini kwa sababu imetajwa kwa pauni, tunaiona ni mia tisa tu. Mshahara tunauhesabu kwa shilingi ili uwe mkubwa, kodi tunaihesabu kwa pauni ili iwe ndogo. Huko ni kujidanganya mchana kweupe, na anayejidanganya mwenyewe hana wa kumshtaki.

Mwenyezi Mungu hakutupa akili tuiweke kabatini. Waislamu na Wakristo wote tunamkiri Nabii Yusufu, na wote tunajua kwa nini Misri haikufa njaa. Si kwa sababu mfalme aliota ng'ombe wanono. Ni kwa sababu alikuwapo mtu aliyeitazama miaka saba ya shibe akaipigia hesabu miaka saba ya njaa. Sisi tunaota ng'ombe wanono, tunaamka, tunatafuta ukumbi wa sherehe. Ng'ombe waliokonda hatuwaulizi hata rangi yao.

Nisemayo nimeyaona kwa macho yangu. Nilikwenda kumtembelea mpwa wangu, kijana msomi, mwenye adabu, aliyemaliza shahada ya uzamili akabaki kufanya kazi ghalani, kazi ambayo wenyewe wanaiita kubeba boksi. Sina ubaya na boksi, kazi ni kazi. Lakini ghala liko karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, magharibi kabisa ya jiji, naye amepanga Barking, mashariki, kwa sababu rafiki wa rafiki alimwambia kuna chumba. Saa tisa na nusu usiku yuko kituoni. Anapanda mabasi mawili, kichwa kimeegemea kioo, ili saa kumi na mbili asubuhi awe amevaa kizibao cha kazi.

Nyumba yao ina mita ya kulipia kabla, kama LUKU yetu, na wapangaji watano wanapokezana kuijaza. Usiku wangu wa kwanza mita ilisoma pauni 1.40. Zamu ilikuwa ya mwenzao ambaye hakuwa amerudi. Mpwa wangu akazima hita, akaniletea koti lake la pili, tukala wali na maharage tukiwa tumevaa makoti kama watu walio safarini. Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa na ukungu. Niliugusa, kidole kikatoka cheusi. Akaniomba radhi. "Anko, usimwambie mama." Nikamuuliza kama hapakuwa na kazi hiyohiyo mahali pengine. Akasema ipo, kampuni ina ghala jingine Coventry, mshahara uleule.

Mshahara uleule! Hapo ndipo nilipotamani kumpiga kibao na kumkumbatia kwa pamoja. Maana kima cha chini cha mshahara Uingereza ni kimoja nchi nzima. Saa moja ya boksi London na saa moja ya boksi Hull zina pauni zilezile, ila pauni 900 za chumba cha London, ukizipeleka Hull au Stoke-on-Trent, hupangishiwa nyumba nzima na chenji ikarudi. Najua wauguzi wa hospitali za umma huongezewa posho kwa kufanya kazi London. Vyema. Waulizeni hiyo posho inalala wapi, watawajibu: kwa mwenye nyumba.

Lugha yetu ina hekima kuliko wenyewe tunaoitumia. Neno tunalosema tunapochukua nyumba ya mtu kwa kodi ni kupanga, na neno la kuyatengeneza maisha ya kesho ni hilohilo, kupanga. Mwalimu Nyerere alipoueleza Mpango wa pili wa Maendeleo mwaka 1969 alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Tumelikariri hilo shuleni mpaka likachakaa. Lakini kijana anayepanga chumba kwa kusikia jina la mji hakuchagua kitu. Amechaguliwa.

Watazameni wenzetu Wahindi wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke, na wapatao 28,000 wakaingia Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ilikwenda mpaka kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwasihi wasiende huko, kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikwenda, kwa maelfu. Si kwa ubishi wala kwa uzuri wa jina, maana nani Kampala alikuwa akiota Leicester? Walijua kuna ndugu zao waliotangulia, kuna viwanda vya nguo na soksi vinavyoajiri, na nyumba za safu zisizo ghali. Mtu aliyenyang'anywa duka na nyumba, mwenye sanduku moja mkononi, alipata utulivu wa kuuliza kazi iko wapi na kodi ni kiasi gani. Sisi tunaoagwa kwa ngoma, hatuulizi.

Wala msiniambie kwamba hesabu si asili yetu. Sikubali. Mama anayekaanga vitumbua pale kituoni, ambaye hakumaliza darasa la saba, anajua unga umekula kiasi gani, mafuta kiasi gani, mkaa kiasi gani, na kitumbua cha ngapi ndicho kinachoanza kumlipa. Babu zetu wa pwani walipakia majahazi ya boriti na nazi kwenda Arabuni, wakangoja pepo zigeuke, wakarudi na faida. Watu wa namna hiyo hawawezi kuzaa kizazi kinachoshindwa kujumlisha kodi, umeme na nauli. Hatushindwi, hatutaki, kwa kuwa jumla yenyewe haipigiwi vigelegele.

Haya, tujumlishe basi. Kwa sheria ya England iliyoanza Juni 2019, amana ambayo mwenye nyumba anaweza kudai kwa nyumba za kawaida haizidi kodi ya wiki tano. Kwa chumba cha pauni 900 inaweza kufika 1,038. Weka na kodi ya mwezi wa kwanza, zinakuwa 1,938. Zidisheni wenyewe, si mnapenda kuzidisha: ni shilingi milioni sita na laki nne hivi. Yaani fedha ileile mliyoipigia vigelegele sebuleni ndiyo inayotakiwa mlangoni kabla kijana hajalala usiku mmoja. Na ajue kwamba amana hiyo lazima iwekwe ndani ya siku 30 katika mfuko wa hifadhi unaotambuliwa na serikali, na kwamba madalali kule wamekatazwa kumtoza mpangaji ada ya udalali. Anayekudai malipo ya kuonyeshwa nyumba, tena kwa simu kabla hujapanda ndege, ni mwizi. Usimtumie hata senti.

Halafu ipo kodi ya halmashauri, ambayo vijana wengi huijua siku barua inapoangukia mlangoni. Kila nyumba imepangiwa daraja, A mpaka H, kwa thamani iliyokuwa nayo mwaka 1991. Nyumba ambayo wakazi wake wote ni wanafunzi wa muda kamili husamehewa. Akiingia mmoja asiye mwanafunzi, msamaha huo unaondoka. Anayeishi peke yake hupunguziwa robo, ila lazima aombe. Gesi na umeme navyo vina ada ya kila siku, uwashe usiwashe. Na viza yenyewe inatangulizwa malipo ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mwanafunzi, miaka yote kwa mkupuo. Mpwa wangu alipoongeza miaka 2 alikopa 2,070. Alikuwa bado anazilipa usiku ule alipozima hita.

Ninamjua muuguzi mmoja, binti wa Moshi, yuko Stoke-on-Trent. Alipoitwa kwenye usaili aliwauliza waliomwita hospitali iko mtaa gani, kisha akatafuta nyumba zilizo mwendo wa miguu kutoka hapo, kabla hajauliza kuhusu mshahara. Ana daftari la kaunta, lile gumu la jalada jekundu, nililishika mwenyewe. Kila ukurasa una mistari miwili ya wima. Kushoto ameandika alichotumia kwa pauni, mpaka pilipili, mpaka nyanya za kopo. Kulia amekizidisha kwa shilingi. "Nikiona kahawa ya dukani imekuwa elfu kumi na mbili," aliniambia, "mkono unarudi wenyewe mfukoni." Punguzo la robo ya kodi ya halmashauri aliliomba wiki ya kwanza, jirani yake, naye mtu wa kwetu, alikuwa amelipa kamili miaka 3 kwa kutokuuliza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Huyu binti amewasikia.

Na hapa sina budi kusema jambo jingine. Hizi sherehe za kuwaaga wasafiri zinatoka wapi? Zamani aliyesafiri aliombewa dua, akafungiwa maandazi, akapewa na bibi noti iliyokunjwa mara nne. Leo kuna kamati, ukumbi, sare za vitambaa, mshereheshaji, na keki yenye umbo la ndege. Nimehudhuria moja, keki ile ilikuwa na mpaka madirisha. Watu walichangishwa kwa kadi miezi miwili, na msafiri mwenyewe akapanda ndege akiwa na pauni 150 mfukoni. Wazazi wenzangu, mnamuaga mtoto au mnajionyesha kwa majirani? Michango ile ingekuwa amana ya chumba. Ingekuwa koti na miezi miwili ya umeme. Mnailia keki, kisha mwezi wa kwanza mnamwandikia: bati zimepanda bei, tunakusubiri. Mtoto anayeombwa bati kabla hajapata blanketi atajibu nini? Ataongopa. Mmemfundisha ninyi wenyewe.

Uongo huo ndio unaowamaliza wanaofuata. Mpwa wangu ana picha moja aliyopiga darajani, mto Thames nyuma yake, koti la kuazima, uso umechangamka. Picha hiyo imetembea ukoo mzima. Nimekuta imewekwa ukutani kwa dada yangu, karibu na kalenda. Picha ya ukuta wenye ukungu haikutumwa kwa mtu. Basi mdogo wake naye sasa anajaza fomu, na alipoulizwa atakaa wapi, alijibu bila kufikiri: London, kwa kaka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila huyu kamba anaifunga mwenyewe, kwa kuwa aliyetangulia ameona haya kumwonyesha ya kwake.

Nimemwandikia dada yangu yote, japo niliombwa nisimwambie, na Mungu anisamehe kwa kuvunja siri. Amelia, kisha amenipigia simu kuuliza Coventry iko upande gani, na chumba huko ni kiasi gani.

Nanyi vijana wetu mliokwisha kufika, iwe Barking, Muscat au Minneapolis, nawasihi kama baba. Mnapenda kwenu, mnatuma mkiwa hamjala, na hilo hatulisahau. Lakini leo, kabla ya kutuma picha nyingine, andikeni nyumbani bei ya chumba chenu.